Nani Hakuonekana Jumuiyani Juma Hili?



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliishi juma zima bila kupata nafasi ya kulitafakari, nalo ni maisha yetu ya parokia, na hasa maisha ya jumuiya zetu ndogo ndogo. Tutaangalia jinsi juma la parokia linavyokwenda na ni nani anayelibeba. Kisha tutaulizana swali moja lisilo rahisi: yule mama aliyekuwa akisali pamoja nasi, na sasa haonekani, amekwenda wapi?

Juma la mama parokiani

Anayetaka kujua parokia inaishije asitazame Jumapili peke yake. Ni kweli, Jumapili ni kilele. Katika parokia nyingi za mijini Misa ya kwanza huanza alfajiri, saa 12 au saa 12 na nusu, ili anayekwenda kazini au sokoni awahi. Baadaye huja Misa ya pili yenye kwaya kubwa, na mara nyingi ipo pia Misa ya watoto. Kabla ya baraka ya mwisho husomwa matangazo: ndoa zinazotarajiwa kufungwa, jumuiya yenye zamu ya usafi, michango na mikutano. Nje ya kanisa, mkungu wa ndizi, tenga la nyanya au jogoo aliyeletwa wakati wa matoleo hupigwa mnada, na watoto hufurahi kuliko wote.

Lakini hayo yote yametayarishwa na mtu fulani katika siku zilizotangulia. Jumatatu, wakati ofisi ya parokia mara nyingi imefungwa ili mapadre wapumzike, kuna mama anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Katikati ya juma kuna mazoezi ya kwaya, mafundisho ya wakatekumeni, mikutano ya vyama na kuabudu Ekaristi Takatifu. Ijumaa ya kwanza ya mwezi ni ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na Ijumaa za Kwaresima ni Njia ya Msalaba. Mwezi Mei na mwezi Oktoba Rozari hupita nyumba kwa nyumba. Jumamosi ndiyo siku yenye shughuli nyingi: sala ya jumuiya alfajiri, usafi wa kanisa, mafundisho ya watoto wa Komunyo ya kwanza na wa kipaimara, Utoto Mtakatifu, na jioni padre anakaa kuungamisha.

Juu ya ratiba hiyo yaongezeni yale yasiyopangwa: msiba, mgonjwa, mama aliyejifungua, na ugeni wa askofu anapokuja kutoa kipaimara. Ni nani anayeteka maji, anayechambua mchele na kukesha jikoni? Tunajua jibu. Hatusemi hivyo kwa kujisifu, maana usione vyaelea, vimeundwa. Tunasema ili tujue kwamba sisi tunaolibeba juma la parokia ndio pia tunaoweza kulirekebisha pale lilipopinda.

Kuimarika kwetu hakukuja kwa bahati. Umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, yaani WAWATA, ulianza mwaka 1972, na mwaka 2022 uliadhimisha jubilei ya miaka 50. Mama zetu waliouanza hawakuridhika kuwa watu wa kupika na kufagia tu. Walitaka mwanamke asali, ajifunze, aitunze familia yake na pia amtazame jirani yake. Hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulishika mwezi huu.

Jumuiya zilianzishwa kwa ajili gani?

Vijana wengi hudhani jumuiya zimekuwapo tangu wamisionari walipofika Bagamoyo mwaka 1868. Sivyo. Zamani parokia moja ilikuwa na eneo kubwa mno, na mwamini angeweza kuishi mwaka mzima bila padre kumjua kwa jina. Ndipo maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki na jirani zake, katika umoja wao uitwao AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973, wakaamua kwamba Kanisa lijengwe kuanzia chini, katika vikundi vidogo ambamo watu wanafahamiana. Mwaka 1976 wakakutana tena na kulitilia mkazo jambo hilo. Baada ya Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa waraka wake kwa Kanisa la Afrika mwaka 1995, akalieleza Kanisa kuwa ni Familia ya Mungu, na akazitaja jumuiya hizi kuwa njia ya kuliishi fumbo hilo.

Angalieni neno hilo, familia. Katika familia, mtoto mmoja asipoonekana mezani jioni, mama hali. Hauanzi kwa kumwandikia deni la chakula. Unauliza, "Fulani yuko wapi? Anaumwa? Nani amemwona?"

Sababu ya kukutana nyumba kwa nyumba ni hiyo hiyo. Nyumba haisemi uongo. Ukiingia kwa jirani kusali unaona kama paa linavuja, kama mtoto amerudishwa kutoka shule, kama bibi kizee amelala peke yake. Kanisani sote tumevaa kitenge kizuri, na shida zetu tumeziacha nyumbani. Ndugu zetu Walutheri nao wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba, na bila shaka mengi tutakayosema hapa wanayafahamu.

Hatua ya sita tunayoiruka

Jumuiya nyingi husoma Injili kwa kufuata hatua saba, njia iliyotayarishwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Tunazijua: tunamkaribisha Bwana, tunasoma somo, tunarudia neno au fungu lililotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana tuliyoyasikia mioyoni, tunazungumza juu ya kazi ambayo Bwana anataka tuifanye, na mwisho tunasali.

Sasa tuulizane kwa ukweli, hiyo hatua ya sita bado ipo katika jumuiya yako? Mara nyingi tunatoka katika hatua ya tano, mwenyekiti anatazama saa, na mweka hazina anafungua daftari. Kazi ya juma inageuka kuwa orodha ya michango: wa ujenzi, wa mavuno, wa sikukuu ya somo wa jumuiya, wa zawadi ya padre anayehamishwa, wa sare. Majina yanasomwa: fulani amemaliza, fulani bado, fulani hajaanza. Halafu tunasali na kutawanyika, na hatua ya sita imepita bila kuonekana.

Hatua hiyo ndiyo ilipaswa kutupeleka kwa mgonjwa, kwa mjane, kwa ndoa inayoyumba, kwa binti aliyepata mimba akafukuzwa nyumbani. Ikifa hatua ya sita, jumuiya inabaki kuwa kituo cha kukusanya fedha chenye nyimbo nzuri.

Mama anayerudi nyuma polepole

Tuchukue mfano wa mama mmoja, ambaye kila mmoja wetu anaweza kumpa jina la mtu anayemfahamu. Anauza vitumbua. Mumewe hana kazi ya kudumu. Amekuwa akihudhuria jumuiya vizuri, tena ndiye anayeanzisha nyimbo. Mwezi mmoja mtoto anaugua, mtaji wote unaishia dawani. Jumamosi ile jina lake linasomwa katika orodha ya wasiomaliza mchango. Hasemi kitu. Jumamosi inayofuata linasomwa tena, na safari hii mtu mmoja anacheka kidogo.

Jumamosi ya tatu anachelewa kwa makusudi ili afike orodha ikiwa imekwisha kusomwa. Ya nne haji. Zamu ya kusali nyumbani kwake inapofika, anasema ana safari, kwa sababu hana cha kuwakaribishia watu chai. Baada ya miezi mitatu tunaanza kusema, "Yule mama siku hizi amepoa." Baada ya mwaka tunasikia anasali kwingine, tunashangaa na kusema hakuwa na imani thabiti.

Je, kweli ni imani iliyomtoa? Au ni aibu? Mwanamke anaweza kuvumilia njaa miaka mingi, lakini kuaibishwa mbele ya wenzake, tena mbele ya watoto wake, kunamvunja upesi. Na mama akiondoka haondoki peke yake. Anaondoka na watoto wake wote, na pengine na mume ambaye tayari alikuwa na mguu mmoja nje.

Lipo lililo zito zaidi. Katika parokia zetu nyingi, anayetaka kubatiziwa mtoto, kufunga ndoa au kuzikiwa ndugu yake huhitaji kutambulishwa na viongozi wa jumuiya yake. Utaratibu huu una maana njema. Padre anayehudumia maelfu ya waamini hawezi kumjua kila mtu, kwa hiyo jumuiya inamshuhudia mwenzao. Lakini utambulisho huo ukigeuzwa kuwa risiti ya michango, yule mama wa vitumbua atakuwa amefungiwa mlango siku anapouhitaji kuliko siku zote, yaani siku ana maiti ndani ya nyumba.

Kanisa lenyewe linasema nini?

Ni vizuri tujue sheria ya Kanisa letu, maana si kila lisemwalo kwa ukali jumuiyani limetoka kwa Kanisa. Sheria ya mwaka 1983, katika kanuni ya 848, inawataka wanaoadhimisha sakramenti waangalie daima wahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi, inataka pasiwe na upendeleo na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Na kanuni ya 1184 inapotaja watu wanaonyimwa mazishi ya Kanisa, inawataja kama vile walioiasi imani waziwazi bila kuonyesha dalili yoyote ya kutubu. Mtu ambaye hajamaliza mchango wa ujenzi hatajwi humo.

Na Maandiko yanatufundisha namna ya kushughulika na jambo hili. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma kwamba wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawanyo wa kila siku. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwakemea wajane wale wala hawakuwaambia waongeze mahudhurio. Waliona kwamba utaratibu una kasoro, wakautengeneza kwa kuchagua watu saba wenye sifa njema waisimamie kazi ile. Kumbe kusahauliwa kwa mjane kulihesabiwa kuwa tatizo la Kanisa zima.

Tuwe waadilifu kwa upande wa pili pia. Parokia haiendeshwi kwa sala peke yake. Hostia, divai na mishumaa hununuliwa. Umeme hulipiwa. Gari linalompeleka padre vigangoni halitembei kwa maji, na katekista ana watoto wanaokula. Kanuni ya 222 inatukumbusha waamini wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake. Lakini kanuni hiyo hiyo inatukumbusha pia wajibu wa kuwasaidia maskini kutoka katika mapato yetu. Wajibu hizo mbili zimewekwa pamoja. Haifai tuchukue moja na kuiacha nyingine. Mwenye nacho asijifiche nyuma ya mama wa vitumbua ili asitoe, na asiye nacho asidharauliwe kwa kidogo alichokitoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tuirudishe hatua ya sita. Baada ya kushirikishana Injili, kabla daftari lolote halijafunguliwa, mwenyekiti aulize: "Juma hili ni nani hakuonekana? Ni nani anaumwa? Ni nani amefiwa, amejifungua au amepata shida?" Watajwe kwa majina, na wachaguliwe watu wawili wa kwenda. Wawili wanatosha, kwa sababu wakienda kumi mwenye nyumba atahangaika kutafuta viti na soda.

Pili, tuache kusoma majina ya wadaiwa mbele ya watu. Mweka hazina anaweza kutangaza jumla iliyopatikana na jumla inayotakiwa. Anayetaka kujua hesabu yake aonyeshwe peke yake. Zaka na ahadi zitolewe katika bahasha. Na mchango ukipangwa kwa kiwango kimoja kwa kila familia, viongozi wawe na ruhusa ya kumpunguzia au kumsamehe asiyeweza, kwa siri, bila kumwita ajieleze mbele ya kikao.

Tatu, tukubaliane juu ya chai. Jumuiya iamue kwamba siku ya sala nyumba haidaiwi chochote ila mkeka na makaribisho. Mwenye uwezo asigeuze zamu yake kuwa sherehe, maana anaweka kipimo ambacho jirani yake hatakifikia, na jirani atafunga mlango.

Nne, tuwe na mfuko mdogo wa huruma. Kila Jumamosi anayeweza atie chochote ndani ya kibubu bila kuandikwa jina. Fedha hizo zisiingizwe katika ujenzi wala sare. Ni za dawa, nauli ya hospitali, daftari la mtoto, kilo ya unga. Wasimamizi wawe wawili au watatu wenye kinywa kizito, na watoe hesabu ya fedha zilizotumika bila kutaja zimekwenda kwa nani.

Tano, tuwakumbuke wagonjwa mapema. Bado kuna akina mama wanaoogopa kumwita padre kwa sababu wanadhani Mpako wa Wagonjwa ni cheti cha kifo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika kukata roho. Wakati wake ni mtu anapoanza kuwa katika hatari ya kufa kwa ugonjwa au uzee. Msisubiri mpaka mgonjwa asijitambue. Mjulisheni padre au katekista angali anaweza kuungama na kupokea Komunyo. Nyumbani tayarisheni meza ndogo yenye kitambaa safi, msalaba, mshumaa na maji ya baraka. Jirani akimsaidia mke au binti wa mgonjwa kutayarisha hayo, na kumshikia mtoto wakati padre anaungamisha, amefanya kazi ya jumuiya kamili.

Sita, mama aangalie nyumba yake isiwe ya mwisho. Si lazima mtu mmoja awe kwaya, WAWATA, baraza la walei, mweka hazina wa jumuiya na mwalimu wa watoto. Chagua huduma moja au mbili uzifanye vizuri, nyingine waachie wenzako wajifunze. Mume akilalamika kwamba hakuoni jioni nne kwa juma, usimjibu haraka kwamba anapingana na Mungu. Kaeni, pangeni. Na muwaombe akina baba nao waingie zamu: kumtembelea mgonjwa, kubeba viti na kumfuata ndugu aliyepotea si kazi za kike.

Neno kwa wewe uliyejitenga

Pengine unayesoma ukurasa huu ndiwe mama yule. Una miezi, pengine miaka, hujafika jumuiyani, na Jumapili unakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Mama mpendwa, deni la mchango halijakufuta katika kitabu cha ubatizo. Una haki ya kuja. Mtafute mama mmoja unayemwamini, au mwenyekiti, au katekista, umwambie hali yako kama ilivyo. Ukishindwa kabisa kwao, nenda kwa paroko wako. Mara nyingi padre hajui yanayotendeka katika daftari la jumuiya, na akijua husaidia. Ukirudi usianze na ahadi kubwa ya fedha. Anza na kuanzisha wimbo kama ulivyozoea. Hiyo nayo ni sadaka, tena jumuiya yako imeikosa.

Na ninyi mtakaokwenda kumtembelea, msiende na daftari. Msimuulize kwa nini alipotea. Mwulizeni mtoto anaendeleaje, nunueni vitumbua vyake, salini Baba Yetu na Salamu Maria, kisha mwambieni Jumamosi mtampitia njiani mwende pamoja. Mengine yatakuja yenyewe.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo. Jumamosi hii, mkiwa mmeketi kwenye mikeka, kila mmoja akumbuke jina moja la mtu aliyekuwa akikaa hapo na sasa hayupo. Mkishayataja majina hayo, hatua ya sita imekwisha kuanza, na watu wawili wajue nyumba ya kwanza watakayobisha hodi kabla ya Jumapili.

Mungu azibariki familia zenu, na Mama Bikira Maria, aliyekwenda kwa haraka kumtembelea Elizabeti, awaongoze katika njia za kwa majirani. Hadi mwezi ujao, kwaherini.